Programu yangu ya kupanga majina kwenye skrini ilivyosimamisha duara la Mama Shija

Wakuu, salaam. Poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena nikaufuta. Mara ya kwanza niliogopa mtanicheka. Baadaye nikaogopa kwamba hamtanicheka, mtaniamini zaidi ya inavyotakiwa, maana hilo ndilo lililonifikisha hapa. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Mimi ni graduate wa computer science. Nyumbani ni Maganzo, mama anauza chakula pale barabarani. Sasa Maganzo ukirudi na degree bila kazi, salamu zinabadilika.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe bado upo?"

Hilo "bado upo" nililitafakari kila siku. Bado upo hai? Bado upo hapa? Mtu alimaanisha nini?

Basi nikapata sehemu ya kufanya kazi kwa majaribio, upande wa Bugarama, kwenye ofisi ya mzee mmoja mwenye leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu. Tumwite Mzee Maduhu. Alisema akiniona nafaa atanipa mkataba. Mama alipopata habari aliwaambia wateja wake kwamba mwanae "yupo mgodini, upande wa mitambo". Mitambo yenyewe ilikuwa kompyuta moja ndogo na TV iliyopasuka kona.

Kwa wasiojua mazingira: ndani ya leseni ya mtu mmoja kunakuwa na maduara mengi, kila moja na mwenyewe. Duara ni shimo la kuchimbia. Linashuka chini, halafu likikuta mwamba wenye dhahabu linageuka na kuufuata huo mwamba pembeni, popote unakoelekea.

Mwenye leseni anasimamia, wenye maduara wanachimba, wanagawana mawe kwa utaratibu wao.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya maana, nisiidharau. Kila asubuhi watu wanatakiwa wajue ni duara gani litalipua baruti siku hiyo, ili majirani zake wasishuke. Zamani walikuwa wanaandika kwa chaki kwenye ubao ulioegeshwa nje, mvua ikinyesha taarifa imekwenda. Mzee Maduhu akataka kitu cha kwenye TV, dirishani, kila mtu akipita akione: ramani ya eneo, majina ya maduara, la baruti liwe jekundu.

Ile kompyuta ukiifungulia program yoyote yenye picha inaganda. Nikaamua kutumia terminal, yaani ule ukurasa mweusi wa herufi tupu. Kwa ambao hamjasoma mambo haya, fikirieni daftari la hesabu la shule ya msingi, lile la vyumba. Kila chumba kinaingia herufi moja, basi. Hakuna nusu chumba.

Nikazunguka na simu yangu duara kwa duara nikichukua location. Nikaandika script, yaani programu fupi, ya kubadilisha location kuwa namba ya mstari na namba ya chumba, kisha jina linaandikwa pale.

Toleo la kwanza lilikuwa balaa. Jina refu likiwa kwenye mstari linasukuma wenzake wote kulia. Kuna duara lilitokea nje kabisa ya mpaka wa leseni, na mwenyewe alikuja kuuliza amefukuzwa lini.

Hapo ndipo nikatengeneza library ndogo, yaani kifurushi cha code ambacho programu nyingine inaweza kukitumia. Niliiita "tandika", na nikiri kwamba kuchagua hilo jina kulinichukua muda mrefu kuliko code yenyewe. Inafanya jambo moja tu. Unaipa maandishi, unaiambia mstari na chumba cha kuanzia, unaiambia tabaka. Inapanga kila kitu kwanza kwenye kumbukumbu, halafu inachapa mara moja. Majina mawili yakitaka chumba kimoja, la tabaka la juu linafunika la chini. Yakiwa tabaka moja, lililotandikwa mwisho ndilo linafunika.

Kama kutandika shuka mbili kitandani. Hakuna uchawi.

Nikaiweka mtandaoni kwa yeyote atakayeihitaji. Hakuna aliyeihitaji.

Nikaiwasha kwenye TV ya dirishani. Ilipendeza, wakuu. Nilisimama nje nikaitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyojenga.

Sasa, kulikuwa na maduara mawili yaliyokaribiana sana. Moja ni la mzee anaitwa Lugembe, mtu mzima, mkali, kofia haivui. Jingine ni la Mama Shija. Mama huyu alikuwa ametoa mawe matupu kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kumpa pole mapema, na wiki ile ile ndiyo alikuwa amegusa mwamba. Vijana wake walikuwa wanaimba wakitoka chini.

Kwenye ardhi maduara yale yameachana vizuri tu. Kwenye skrini, ambako eneo zima limebanwa kwenye vyumba vichache, yaliangukia mstari mmoja. Na kwa kuwa script ilikuwa inapanga kwa alfabeti, L ilitandikwa kwanza, M ikaja juu yake.

Ikasomeka hivi:

LUGMAMA SHIJA

Asubuhi Lugembe akafika dirishani. Akasimama. Akasogea. Akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kijana."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii nini?"

"Ni majina mzee. Yameingiliana kidogo."

Wakuu, neno hilo nimelijutia. Ningesema yamebanana. Ningesema TV ni ndogo. Lakini nilisema yameingiliana, na kwa wachimbaji kuna kitu kimoja tu kinachoingiliana.

Kinaitwa mtobozano. Ni pale mtu anachimba kufuata mwamba chini kwa chini mpaka anatokea kwenye shimo la jirani yake. Huku juu ni ndugu wanakunywa uji pamoja, kule chini mmoja anakula mwamba wa mwenzake. Hakuna kesi wanayoichukia kama hiyo. Watu wameshapigana ngumi kwenye giza.

Lugembe akageukia watu. "Mmesikia wenyewe! Mama Shija kaniingia! Kameza jina langu lote, zimebaki herufi za mwanzo tu!"

Nikatoka mbio. "Mzee, hapana. Hii ramani ni ya juu ya ardhi. Chini haioni kitu. Ni herufi zimekosa nafasi."

Jamaa mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mwacheni dogo. Keshanyamazishwa."

"Nimenyamazishwa na nani? Ndiyo kwanza naongea!"

"Si unaona anavyotetemeka?"

Ni kweli nilikuwa natetemeka. Mimi hutetemeka hata nikiulizwa jina.

Mzee Maduhu alikuwa na utaratibu wake: likitokea lalamiko la mtobozano, anayelalamikiwa anasimama mpaka mpimaji aje ashuke na kamba na dira. Anayelalamika anaendelea na kazi. Akatoa amri hapo hapo. Duara la Mama Shija likazibwa kwa magogo.

Mama Shija hakupiga kelele. Alikuja dirishani akasoma ile TV, kisha akaniita pembeni.

"Ng'wanawane, mwanangu, vijana wangu hawana mshahara. Wanakula mawe yakitoka. Kuna rushi ya dhahabu mpya imetokea upande wa Ushirombo, wenzao wanawapigia simu tangu jana. Nikikaa hivi hivi wataondoka, na mwamba nimeuona kwa macho yangu. Wewe umeandika nini pale?"

Nikamweleza. Mistari, vyumba, tabaka, alfabeti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ningeitwa Anna, yeye ndiye angenifunika?"

Wakuu, nilitamani kulia. Chuo nilisoma na watu ambao hawakuwa na swali zuri hivyo.

"Ndiyo mama. Kabisa."

"Basi nenda kawaambie hivyo."

Nilikuwa nimeshawaambia. Nikaona dawa ni kurekebisha tu. Nikaongeza kitu kwenye library: ikikuta majina mawili yanagombea chumba, inalisogeza moja kwenye mstari wa jirani. LUGEMBE akapanda mstari wa juu, MAMA SHIJA akabaki wa chini. Safi. Kila mtu anasomeka.

Lugembe alipoona alinyoosha kidole mpaka kikagusa kioo.

"Ushahidi umefutwa! Jana wote tumeona, leo hakuna! Huyu mama kaja kunong'ona na huyu kijana, mmewaona!"

Na ni kweli tulinong'ona. Nikakaa nikafikiria. Nikiyatenganisha majina, naficha ushahidi. Nikiyarudisha, namshtaki mama wa watu. Nikizima TV, watu wanashuka kwenye duara lililo jirani na la baruti. Nilichora hata kajedwali ka faida na hasara, kila safu ikawa na hasara.

Nikaja na wazo jingine, na nawaomba msiwahi kulitumia. Niliyarudisha mahali pamoja, lakini yawe yanapokezana. Jina la Lugembe linaonekana kwa sekunde, linafunikwa na la Mama Shija, kisha linarudi. Haki sawa kwa wote. Nililala nikiwa na amani.

Asubuhi nikakuta umati dirishani kuliko siku zote. Lugembe. Mama Shija. Lugembe. Mama Shija.

"Wanapigana," mtu akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, chini huko. Ona, kamsukuma."

"Lakini Mama Shija si huyu hapa amesimama?"

"Vijana wake basi."

Nikaingia ndani nikajifungia chooni. Sikujificha, nilijifungia. Na ni huko chooni ndipo akili ilipofunguka, kwa sababu choo cha ofisi ile kimejengwa nyuma ya ukuta wa ofisi. Kwenye ardhi, hatua chache. Kwenye skrini, mstari mmoja.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikatandika OFISI YA MZEE MADUHU mahali pake halisi. Juu yake nikatandika CHOO mahali pake halisi. Sikudanganya hata chumba kimoja.

Nikaenda kumwita mzee. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote:

"Ofisi ya mze... choo... duhu."

Akanigeukia.

"Nani kaweka choo kwenye jina langu?"

"Mzee," nikasema, "choo kimeingia ofisini?"

"Kiingie kimefuata nini?"

"Basi ndivyo ilivyo kwa Mama Shija na mzee Lugembe. Ni herufi tu. Vitu vikikaribiana, jina la mwisho linakaa juu ya la kwanza."

Alitazama ofisi. Akatazama choo. Akatazama TV. Kisha akacheka mpaka chai ikamwagika, na mzee akicheka wote wanacheka. Mama Shija alicheka mpaka akajishikilia kwenye nguzo. Vijana wake wakaanza kuniita Afisa Choo, jina ambalo hadi leo ninalo.

Lugembe peke yake hakucheka. Nilidhani ni hasira.

Mimi nikajua yamekwisha, mama atarudi kazini. Lakini Mzee Maduhu akajifuta macho akasema, "Sawa, ni herufi. Ila mpimaji nimeshamwita, yuko njiani. Akifika ashuke tu, asije akasema tumemsumbua bure."

Lugembe akasema haraka, "Mzee, kama ni herufi basi yaishe. Mimi nimesamehe. Lalamiko nalifuta."

Kila mtu alimpongeza kwa ustaarabu. Mama Shija akasema, "Hapana. Duara langu limezibwa mbele za watu, lisafishwe mbele za watu. Wapimwe mlalamikaji na mlalamikiwa."

Sijui kama alikuwa ameshamshtukia. Nilimuuliza baadaye, akasema alikuwa na hasira tu.

Jioni ile nusu ya vijana wake wakapanda gari kwenda Ushirombo. Hawakumchukia, walimuaga vizuri, mmoja akaacha hata koleo lake. Aliwasindikiza mpaka barabarani. Waliobaki walikaa juu ya magogo yaliyoziba shimo lao wakicheza drafti. Nikipita walinisalimia, na hiyo iliniumiza zaidi kuliko wangenitukana.

Mpimaji akaja, akashuka kwa Mama Shija kwanza. Akatoka akasema huyu yuko ndani ya mstari wake. Akaenda kwa Lugembe. Huko alikaa sana. Kamba ikawa inashuka, inashuka, mpaka aliyekuwa ameishikilia juu akaomba kamba nyingine.

Alipotoka, alijifuta vumbi akamwambia Mzee Maduhu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa: "Mlalamikaji ndiye kaingia. Njia yake imepita chini ya duara la huyu mama, iko kwenye mwamba wake. Bado kidogo wangetobozana."

Wote wakageuka. Sikuelewa kwa nini walikuwa wananitazama mimi.

Lugembe akakaa chini kwenye mawe. Akavua kofia mara ya pili.

"Nilipoona yale majina yamepandana," akasema, "nikajua kompyuta imeona. Nikasema hapa afadhali niseme mimi kwanza, ionekane yeye ndiye kaja kwangu."

Mnaelewa, wakuu? Ile asubuhi, kati ya watu wote dirishani, mtu mmoja tu ndiye alikuwa na sababu ya kuamini kwamba skrini ile inaonyesha chini. Wengine wote walimwamini yeye. Na skrini haikuwa inaonyesha chini. Ilibahatisha jambo, na hata hilo ikalikosea, maana aliyeonekana kufunikwa ndiye aliyekuwa anamfunika mwenzake.

Nililieleza hilo pale pale. Kwa utulivu, kwa mara ya kwanza bila kutetemeka. Nikasema: hii ni bahati. Library yangu haijui hata kama kuna shimo.

Yule jamaa wa siku ya kwanza akatikisa kichwa kwa heshima. "Wenye kuona hawajisifu."

Lugembe akaamriwa azibe ile njia aliyoichimba, na mawe aliyotoa upande ule yarudi kwa mwenyewe. Magogo ya Mama Shija yakatolewa. Vijana waliobaki walishuka siku hiyo hiyo, wachache, bila kuimba, lakini walishuka.

Na mimi? Nikapewa mkataba, wakuu. Mzee Maduhu aliniita akanipa mkono.

"Hiyo mashine yako inaona."

"Mzee, haioni. Wewe mwenyewe uliona lile la choo."

"Lile la choo lilikuwa la kumlegeza Lugembe. Nimekuelewa. Kazi zenu zina siri zake."

Nimewahi kuota kupata ajira kwa njia nyingi. Hii haikuwepo. Nimeajiriwa kwa uwezo ambao sina, baada ya kuukana mbele ya mashahidi. Mama huko Maganzo anawaambia wateja kwamba mwanae sasa anaona dhahabu ikiwa bado chini, na kuna watu wa Songwa, wanaochimba almasi, wamemuuliza kama na hizo naziona.

Nimejaribu kurekebisha. Nimeandika chini ya skrini: RAMANI HII NI YA JUU YA ARDHI TU. Wanaisoma, wanakonyezana.

Lakini pia, na hili ndilo linaloninyima usingizi, tangu siku ile hakuna lalamiko hata moja la mtobozano. Wenye maduara wawili wamekuja kwa hiari yao kuomba wapimwe. Wanapita dirishani asubuhi, wanatafuta jina lao, wakikuta limekaa peke yake wanashusha pumzi. Ninatakiwa kuendelea kuwaambia ukweli mpaka waanze tena kuingiliana?

Mama Shija alikuja juzi na viazi vya kuchemsha. Vijana wawili wamemrudia kutoka Ushirombo, kule waliambulia vumbi. Nikamuuliza yeye, kwa sababu ndiye mtu pekee pale aliyewahi kuelewa.

"Mama, wewe unajua ni herufi tu, si ndiyo?"

"Mimi? Najua kabisa. Alfabeti. Si ulinieleza?" Akamenya kiazi. "Kwani umewadanganya? Umeshawaambia, hawataki. Kula."

Nikala. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo. Angalau mtu mmoja.

Alipokuwa anaondoka akasimama dirishani, akaitazama TV kwa muda. LUGEMBE mstari wa juu. MAMA SHIJA mstari wa chini, kama nilivyoyatenganisha.

"Ng'wanawane."

"Naam mama."

"Mbona huyu umemweka juu yangu?"

Nikampandisha.

Nilichojifunza: ukitengeneza kitu cha kuonyesha, usidhani watu wanatazama ulichokiweka. Kila mtu anatazama alichokuja nacho. Na ile kanuni ndogo unayoiweka bila kufikiria, kama nani atandikwe mwisho, kuna mtu mahali itamzibia shimo.

Nyie wenye uzoefu nipeni mawazo. Majina mawili yakigombea nafasi, nani afunike? Wa mwisho, wa kwanza, au library ikatae kabisa ilete error? Jibuni mapema kama mnaweza. Kesho kuna duara jipya linaingia kwenye skrini, liko ubavuni mwa Mama Shija, na mwenyewe ana majina matatu marefu na ameomba yote yaandikwe.